Maswali ya Dirishani

Daktari wa akili hukaa na mgonjwa dakika kumi, kumi na tano mgonjwa akiwa na bahati. Anayetoa dawa hukaa naye dakika mbili. Hata hivyo maswali yote ya maana huulizwa kwenye dirisha la dawa. Chumbani kwa daktari mlango umefungwa, kuna mwanafunzi ameketi pembeni na daftari, na kuna shemeji aliyemsindikiza mgonjwa ambaye ndiye anayejibu kila kinachoulizwa. Mgonjwa akifika dirishani, shemeji ameshatoka kutafuta bodaboda. Hapo anainama, anasukuma kadi mbele yako na kunong'ona: "Sista, hivi hii ni dawa ya nini?"

Nimestaafu sasa. Nilisomea uuguzi wa afya ya akili Dodoma, nikapangiwa kliniki ya hospitali ya mkoa mmoja huko bara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilipita nyuma ya dirisha hilo, maana kliniki zetu hazina watu wa kutosha na muuguzi hushika kila kitu: sindano, rejista, dawa, na ugomvi wa foleni. Nilikuja kuamini jambo moja, na sijaona sababu ya kulibadilisha. Watu hawaachi dawa za akili kwa ukaidi. Wanaziacha kwa sababu kidonge kimewafanyia kitu ambacho hakuna aliyewaambia kwamba kingetokea, au hakijafanya kile walichodhani kingefanya kesho yake asubuhi.

Kadi zenyewe zinachangia. Daktari mwenye haraka haandiki jina la ugonjwa, anaandika alama: F20, F31, F32, G40. Hizo ni alama za toleo la zamani la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na kwa mhudumu wa rejista zina faida yake. Kwa mgonjwa ni fumbo. Baba mmoja alikuja na kadi ya mwanawe amekunja uso, akaniuliza kama F20 ndiyo ukimwi. Alikuwa amelala na swali hilo tangu kliniki ya mwezi uliopita.

F20 ni skizofrenia. Filamu zimewafanya watu waamini kwamba ni mtu mmoja mwenye watu wawili ndani yake, leo mpole kesho muuaji. Sivyo. Mwenye skizofrenia anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi zikimsema yeye, zikimtukana au zikieleza kila anachofanya: sasa anavaa viatu, sasa anatoka. Anaweza kuamini kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye, au kwamba jirani ameunganisha nyaya zinazomsoma mawazo. Maneno yake huruka kutoka jambo hili kwenda lile bila daraja. Huo ndio upande wenye kelele, na ndio unaomfikisha hospitali. Kuna upande mwingine wa kimya, ambao nyumbani huitwa uvivu: haogi, hazungumzi, analala mchana kutwa, hacheki hata kwenye arusi ya dada yake. Upande huu nao ni ugonjwa, na dawa huushindwa zaidi kuliko ule wa kelele. Skizofrenia mara nyingi huanza ujanani, mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu au ndani ya ishirini, wakati familia imeshalipa ada na inasubiri matunda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wenye ugonjwa huu ni kama mtu 1 kati ya kila 300 duniani. Kwa hesabu hiyo kata yako inao, hata kama hujawahi kuambiwa.

Dawa zake zina historia fupi kuliko watu wanavyofikiri. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, kabla ya dawa yoyote kati ya hizi. Mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya tiba alipewa daktari wa Austria, Julius Wagner-Jauregg, kwa kuwaambukiza malaria, makusudi kabisa, wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewafika ubongoni, ili homa iue vimelea vya kaswende. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, waliotoka sehemu ambazo malaria humaliza watoto, walidhani ninawatania. Ndivyo ulimwengu ulivyokuwa umekaukiwa na njia. Dawa ya kwanza iliyotuliza sauti na hofu bila kumlaza mgonjwa kama gogo ilikuja mwaka 1952, pale Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walipowapa wagonjwa wao klopromazini. Kabla ya hapo daktari wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa ameitumia kwa wagonjwa wake na kuona inavyowatuliza. Wengi wetu tunaijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 maabara ya Paul Janssen kule Ubelgiji ikaleta haloperidoli, na hadi ninastaafu hizo mbili ndizo zilizokuwa zikibeba kliniki yetu.

Sasa, zinafanyaje kazi? Ubongo hutumia kemikali kupeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, na mojawapo huitwa dopamini. Kwa mgonjwa wa skizofrenia dopamini inafanya kazi kupita kiasi katika baadhi ya njia za ubongo, na mambo yasiyo na maana yanapata uzito: gari lililopiga honi linakuwa ujumbe. Dawa huziba milango ambayo dopamini hupitia. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo hutumika mahali pengine kuongoza misuli. Ukiziba huku, unagusa na kule. Hapa ndipo dirisha langu lilipojaa vilio.

Kuna kijana fundi wa kuchomelea mageti aliyeanzishiwa haloperidoli siku ya kliniki. Usiku wa pili shingo ikapinda kuelekea bega la kushoto ikagoma kurudi, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje, akawa hawezi kusema. Akili zake zilikuwa timamu muda wote huo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Nyumbani waliona jini limehama kutoka kichwani kwenda shingoni. Wakambeba kwa shekhe wa mtaa. Shekhe yule, Mungu amjalie, alimsomea kidogo, akamwangalia, akauliza ameanza dawa gani, kisha akasema huyu mrudisheni hospitali usiku huuhuu. Alichomwa sindano ya promethazini na katika muda wa nusu saa shingo ilikuwa imenyooka. Mama yake alikaa kwenye benchi hadi asubuhi nilipoingia zamu.

"Mwanangu," aliniambia, "kama mlijua dawa inapinda shingo, mbona hamkusema?"

Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya pole. Daktari alimpunguzia dozi, akaongeza benzeksoli, kidonge kidogo ambacho wengi hukiita Artane, kazi yake ni kulegeza misuli iliyokazwa na ile dawa kubwa. Tangu siku hiyo sikumpa mtu haloperidoli bila kumshika msindikizaji mkono na kumwambia: shingo, taya au ulimi vikikaza siku hizi za mwanzo, si jini, si sumu, njoo hata saa nane ya usiku. Nilisema hivyo kwa sauti, foleni yote isikie. Ni maneno ya nusu dakika.

Kuna balaa lingine la dawa hizi ambalo ni baya kuliko shingo kwa sababu halionekani. Mgonjwa anashindwa kutulia. Akikaa miguu inacheza, akisimama anatembea, anazunguka ua hadi mbwa wanamzoea, na ndani yake anahisi kama ngozi haimtoshi. Madaktari wanaliita akathisia. Familia inaona ugonjwa umepanda, inamwongezea kidonge, na kidonge kinazidisha. Nimeona watu wakifungwa kamba kwa jambo ambalo dawa yake ilikuwa kupunguza dozi. Ukimuuliza mgonjwa mwenyewe, "Unataka kutembea, au miguu ndiyo inayotaka?" mara nyingi atakujibu vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna anayemuuliza.

Mkoa wetu ni wa alizeti na jua. Klopromazini huifanya ngozi iwe dhaifu mbele ya jua, kwa hiyo mkulima anayeimeza anaungua usoni na mikononi, anakuwa mweusi kwa mabaka, na kijijini wanasema amepakwa kitu. Kofia pana na mikono mirefu, basi. Inalaza pia, ndiyo maana heri imezwe usiku kuliko asubuhi mtu akienda shamba na jembe begani.

Lakini kisa ninachokikumbuka zaidi katika dawa hizi ni cha binti wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akitumia risperidoni, dawa mpya zaidi, ambayo kwenye shingo na misuli ina nafuu. Alikuwa amepona vizuri, amerudi kwenye cherehani yake. Siku hiyo alikuja na shangazi, na shangazi ndiye aliyetangulia dirishani. "Sista, huyu ana mimba na hataki kusema ya nani. Matiti yanatoa maziwa, na siku zake hajaziona mwezi wa nne huu." Binti alikuwa anatazama chini, amejikaza kama mtu aliyekwishachapwa maneno mengi. Tulipima mkojo. Hakuna mimba. Ikabidi nimweleze shangazi pale pale kwamba kuziba dopamini kunafungulia homoni iitwayo prolaktini, ile inayoleta maziwa kwa mama aliyejifungua, na homoni hiyo ikipanda husimamisha hedhi. Ni dawa, si mwanamume. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akamgeukia binti: "Nisamehe mwanangu." Binti ndiye aliyenishtua. Alisema vidonge vya wiki tatu vyote vipo chooni, aliviacha maziwa yalipoanza, kwa kuwa alidhani ni uchawi uliowekwa ndani ya dawa. Alikuwa amebakiza siku chache tu kabla sauti hazijarudi. Daktari alimbadilishia dawa, na baada ya miezi hedhi ikarudi.

Wanaume hawaletwi na shangazi. Homoni hiyohiyo huwapunguzia nguvu za kiume, nao hawasemi. Mwanamume atakuja dirishani, atachukua dawa, ataondoka, atarudi kuuliza kama kuna Panadol, ataondoka tena, atarudi kuuliza tarehe ya kliniki ijayo ambayo imeandikwa kwenye kadi aliyoishika. Nilijifunza kuwasaidia: "Na nyumbani mambo ya chumbani yanakwenda?" Wengine walicheka. Wengine macho yaliwalenga machozi. Wengi walikuwa wameshaacha dawa kimyakimya kuokoa ndoa, na mke akiambiwa mumewe ni mkaidi.

Sonona, F32 kwenye kadi, ni hadithi nyingine. Hapa watu hawaji wakisema wana huzuni. Wanakuja wakisema kichwa kinawaka moto, mwili unachomachoma, moyo unakwenda mbio, kuna kitu kinatambaa mgongoni. Wameshapimwa malaria na taifodi mara nyingi, wamekunywa dawa zote za duka la dawa. Ukiuliza usingizi, wanaamka saa tisa usiku na hawarudi kulala. Ukiuliza chakula, hakina ladha. Ukiuliza kinachowafurahisha, wanakutazama kama umeuliza kwa lugha ya kigeni. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, siku nzima, karibu kila siku, si msongo wa mawazo wa kawaida unaoisha mshahara ukiingia. Ni ugonjwa, na unaua: kila mwaka watu zaidi ya laki saba duniani hujiua, na sonona ni miongoni mwa sababu kubwa. Na kumuuliza mtu kama amefikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi niliyemuuliza alishusha pumzi, kwa kuwa alikuwa amelibeba peke yake.

Dawa tulizokuwa nazo ni amitriptilini ya miaka ya sitini na fluksetini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kosa kubwa la dirishani ni kumkabidhi mtu vidonge hivi bila kumpa kalenda. Madhara huja kwanza, nafuu huja baadaye. Siku za mwanzo amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, hulaza. Fluksetini huleta kichefuchefu na wengine huwaondolea usingizi, kwa hiyo humezwa asubuhi. Nafuu ya moyo inahitaji wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinirudishia pakiti siku ya tano, imetumika nusu, akisema haifai. Tulikaa. Nilichukua kalamu nikamchorea kwenye bahasha ya dawa mstari wa wiki sita, nikaandika mdomo mkavu hapa, usingizi kurudi hapa, hamu ya kula hapa, moyo kuchangamka huku mbali. Nikamwambia mambo yatakuja kwa mpangilio huo, na watu wa nyumbani watayaona kabla yake. Alirudi mwezi uliofuata akiwa na bahasha ileile, ameweka alama za vema kama anayesahihisha madaftari.

Amitriptilini ina hatari yake: ikimezwa nyingi kwa pamoja husimamisha moyo. Kwa hiyo mtu anayesema amechoka kuishi hapewi vidonge vya mwezi mzima. Anapewa vya wiki, na vingine vinatunzwa na ndugu. Mtoa dawa akikukatalia furushi kubwa, usimfikirie vibaya.

Bipola, F31, nitaipitia kwa haraka kwa kuwa imekuwa neno la vijiweni. Vijana wanasema "mimi nina bipola" wakimaanisha asubuhi wamenuna na jioni wamecheka. Bipola ni kipindi cha siku kadhaa au wiki nzima ambacho mtu halali na hachoki, anaongea bila koma, anaanzisha biashara tatu, anauza kiwanja cha familia kwa bei ya kutupa na kugawa fedha sokoni. Kisha, baada ya wiki au miezi, anashuka kwenye shimo la sonona. Ndugu wengi huleta mgonjwa wakati wa shimo tu, maana akiwa juu anachangamsha nyumba na kununulia kila mtu soda. Dawa yake maarufu, lithi, ni chumvi ya asili. John Cade wa Australia aliwachoma simbilisi sindano ya chumvi hiyo, akaona wanatulia, akawapa wagonjwa kumi waliochangamka kupita kiasi, na mwaka 1949 akaandika alichokiona. Ni dawa nzuri sana, lakini pengo kati ya dozi inayotibu na dozi yenye sumu ni jembamba. Inataka damu ipimwe, na mtu akiharisha au akikosa maji mwilini, inapanda hadi mikono inatetemeka na miguu inayumba. Sisi hatukuwa na kipimo, kwa hiyo tulitegemea zaidi kabamazepini na valproeti. Wanawake wanaosoma hapa washike mawili: kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na valproeti humdhuru mtoto tumboni. Ukiandikiwa mojawapo na bado una umri wa kuzaa, sema wazi kwa daktari, hata kama hakukuuliza.

Wageni hushangaa kukuta G40, kifafa, kwenye foleni ya wagonjwa wa akili. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, si wazimu, lakini hapa kwetu kliniki ni moja na dawa zinatoka dirisha moja. Pengine ndiyo foleni yenye maumivu zaidi, kwa sababu watu hukimbia povu la mdomoni wakidhani linaambukiza, mgonjwa akianguka motoni anaachwa aungue. Povu hilo haliambukizi. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, akikuta wagonjwa waliotengwa vibandani, na silaha yake kubwa ilikuwa fenobabito, dawa iliyojulikana tangu 1912 na ya bei ndogo kuliko zote. Bado inafanya kazi. Sharti lake ni moja: haikatwi ghafla, maana kifafa hurudi kwa hasira, degedege juu ya degedege, na mtu anaweza kufa.

Watoto waliletwa na walimu wao, au kwa barua ya mwalimu. Mtundu, hasikii, hatulii. Wengine kweli wana tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo lina dawa zake, ingawa mimi dirishani sikuwahi kuzipata. Wengine wana usonji, na hapo niseme bila kuzunguka: hakuna kidonge kinachoponya usonji, na anayekuuzia anakuibia. Lakini kuna mtoto wa darasa la tatu aliyekuja kwa kosa la "kuota ndoto darasani". Alikuwa akichapwa kwa hilo. Akiwa mbele yangu anahesabu vidole, alikatika katikati ya saba na nane, macho yakaganda, kope zikachezacheza, halafu akaendelea na nane kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilikuwa aina ya kifafa kisichoangusha. Alianzishiwa dawa, na fimbo ikaisha.

Nimeulizwa sana kuhusu waganga na maombi. Sikuwahi kumwambia mtu aache dua. Mtu aliyekuja na hirizi shingoni ukimwambia aivue, ataondoka na hirizi na kuacha dawa. Nilichokuwa nikisema ni kwamba utumie dawa na usome dua. Ugomvi wangu ulikuwa na wale wanaosema "ukimeza dawa za hospitali maombi hayafanyi kazi", na wale wanaofunga wagonjwa minyororo kwenye miembe. Hao niliwafuata hadi nyumbani kwao nikiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Nilikuwa na ugomvi pia na rafu zetu wenyewe. Huduma za afya ya akili katika hospitali za umma zilikuwa za bure kwa kanuni, lakini kidonge kisipokuwepo, bure ni neno tu. Mgonjwa aliyesafiri kwa basi kutoka kijijini akiambiwa "leo haipo, kanunue", duka la dawa likitaka fedha ambayo ni ya unga wa wiki, atarudi nyumbani mikono mitupu, na baada ya miezi miwili tutamwona amefungwa kamba kwenye toroli. Kisha ataandikwa "ameacha dawa". Nilikuwa nikifuta maneno hayo na kuandika "dawa haikuwepo". Wakubwa hawakupenda.

Swali lililokuwa likija mwisho, wakati mtu ameshachukua bahasha yake, ni hili: "Sista, nitameza mpaka lini?" Wengi huambiwa "maisha yako yote" na mtu ambaye hata hajawapima uzito, au huambiwa "ukipona acha", na kila jibu lina maangamizi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kliniki kama zetu, ule wa mwaka 2016, ulisema hivi. Aliyepata tukio la kwanza la sauti na imani potofu aendelee angalau mwaka mmoja baada ya dalili kwisha. Zikirudi tena na tena, muda ni mrefu zaidi. Wa sonona aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Wa bipola angalau miaka miwili tangu tukio la mwisho. Wa kifafa apitishe miaka miwili bila kuanguka ndipo suala la kupunguza lizungumzwe. Baada ya hapo kila mtu ana jibu lake, kulingana na historia yake na kazi anayofanya. Dereva wa lori na mshona viatu hawapimwi kwa kipimo kimoja.

Ukitaka kuacha, usimwage chooni. Njoo kliniki useme kwamba umechoka nayo, na useme kwa nini: maziwa, unene, chumbani, usingizi, aibu, nauli. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi huku kliniki ikikuangalia, na mara nyingi ipo dawa nyingine ya kujaribu. Aliye dirishani akikujibu kwa mkato, muulize tena, au subiri zamu ya mwingine. Kadi ni yako, na kilichoandikwa humo una haki ya kukielewa kabla hujaondoka.